Mkate Usiofunikwa

Asubuhi moja nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Gungu, mjini Kigoma, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikaondoka. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Akacheka, akadhani ninamficha, kumbe nilisema kweli. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita: miguu hutangulia, akili hufuata nyuma ikiuliza maswali. Nilikuwa na mfuko mmoja, blanketi, na vitumbua vitatu ndani ya karatasi. Barabarani lilipunguza mwendo lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha maharage mjini, na utingo akanipungia mkono.

"Panda, kaka, panda! Tunawahi!"

Nikapanda. Mji ulipokwisha kupotea nyuma ya vilima ndipo nikamuuliza tunakwenda wapi.

"Kasulu, halafu mbele kidogo, upande wa kambini. Kwani we ulidhani wapi?"

Upande wa kambi ya wakimbizi ndiko walikompeleka Mpishi, mwaka mmoja kasoro kidogo uliopita, na mimi ndiye niliyempelekea mtu aliyemkamata. Nikaketi juu ya magunia matupu, vumbi likaingia puani, na njia nzima sikuwaza jambo jingine ila yeye.

Jina lake ninalijua, lakini mwenyewe hakupenda litajwe, nami sitalitaja. Tulikaa nyumba moja Ujiji. Mimi nilipanga chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Yeye alikaa chumba cha uani, karibu na jiko. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Ujiji, mwenye sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Sote tulimwita Bibi, naye Bibi alimwita mwenzangu Mpishi, kama kwamba hapajawahi kuwa na mwingine duniani.

Mpishi alikuwa amevuka ziwa kwa mtumbwi wa wavuvi kutoka Burundi, wakati watu walipokuwa wakikimbia kwa maelfu. Alikuwa na mke. Katika msukumano wa njiani, kabla hawajafika majini, walipotezana. Ila walikuwa wamekwisha kupatana mapema, kama watu wenye akili wanavyofanya wakiona hali inachafuka: tukipotezana, Kigoma. Atakayetangulia amsubiri mwenzake.

Yeye alitangulia, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Sheria ya wakati ule ilikuwa mkimbizi akae kambini. Aliyeonekana mjini bila kibali alipakiwa kwenye lori na kupelekwa bara, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka ziwani. Mpishi aliwaza akaona hawezi.

"Nikipelekwa huko," aliniambia, "mke wangu akifika Kigoma atamkuta nani? Mawimbi?"

Basi akajificha. Bibi alimpa chumba, na jirani mmoja alipomwonya kwamba anatafuta balaa, Bibi alisimama barazani akajibu ili mtaa wote usikie: "Babu zangu mimi walivuka ziwa hilihili kutoka Umanyema, wakaja wakajenga hapa. Nani aliwauliza karatasi? Huyu mgeni wangu. Mwenye neno aje anywe chai aliseme."

Hakuna aliyekuja kunywa chai hiyo.

Kwa hiyo ulimwengu wa Mpishi ukawa uani. Upande mmoja jiko, upande mmoja choo, upande mmoja ukuta wa nyumba, na upande wa nne uzio wa matete. Alikwisha kuupima kwa hatua: kumi na tisa kwa kumi na moja, na kumi tu pale penye pipa la maji. Kila asubuhi aliuzunguka akiwa amefunga mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua mahindi. Ziwa lilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka tulisikia harufu ya dagaa wanaoanikwa, lakini yeye hakuwa ameliona tangu siku aliyoshuka kwenye mtumbwi. Nikirudi kutoka matembezini alinisimamisha mlangoni kabla sijavua viatu.

"Ziwa likoje?"

"Limetulia."

"Limetulia namna gani? Kama mafuta au kama maji?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Ikabidi nianze kulitazama ziwa vizuri, ili niwe na la kumwambia.

Majirani wote aliwajua kwa sauti bila kuwaona. Huyu fundi cherehani ana kikohozi cha kiangazi. Yule mama anaunguza vitunguu kila siku, hajifunzi. Mtoto wa upande wa pili ameanza kusema uongo, sikia anavyojibu harakaharaka. Siku moja nilimwona amekaa juu ya kinu, sikio lake liko kwenye matete, anacheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Wanagombana kuhusu kuku," akanong'ona. "Ninamjua mwenye makosa. Ninatamani kuwaambia lakini mimi sipo."

Mimi sipo. Alipenda kusema hivyo. Mtu akibisha hodi, yeye huingia chumbani kwake akituachia neno hilo, "Mimi sipo, yewe," yaani wee kwa Kirundi, halafu baada ya dakika tano tunasikia sauti kutoka ndani: "Bibi! Mchele unashika chini!" Maana hilo lilikuwa tatizo lake kubwa. Alikuwa mwoga wa kujulikana na mpenda sifa kwa wakati mmoja. Alikuwa tayari kufa njaa ili asionekane, lakini hakuweza kunyamaza chakula kikiharibika.

Kwao, Bujumbura, alikuwa mpishi wa hoteli moja kubwa karibu na bandari, na kitu kilichomjengea jina kilikuwa mkate. Si kuoka mkate. Mkate wenyewe waliununua kama watu wote. Alichofanya ni kuchukua kipande kimoja kinene, akakipakia vitu juu, akakipitisha kwenye moto wa juu mpaka uso wake ukaiva madoamadoa. Hakuweka kipande cha pili cha kufunika. Mji mzima uliujua, alisema. Jumapili watu walitoka kanisani wakaja na nguo zao nzuri kuula kwa kisu na uma. Wasafiri wa meli waliushukia. Mwanafunzi aliyepata fedha kidogo alianza na huo kabla ya kununua soksi. Mpishi akisimulia alinyoosha vidole vyake viwili na kuvilaza kwa upana, kuonyesha unene wa kipande. "Si kimoja. Si vitatu. Viwili."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyepoteza kazi yake, mpaka siku aliyoutengeneza pale uani. Bibi alikuwa na wageni wa arobaini ya ndugu yake, akawa amemwambia siku moja kabla atoe kitu cha kuwatuliza wakati wali unangojwa. Mpishi alinituma Mwanga sokoni ninunue mkate wa jana.

"Wa jana? Watu watasema tunawapa makombo."

"Oya," alisema, yaani hapana. "Mkate wa leo ni mtoto. Ukimwekea mzigo mgongoni analia, analowana. Leta uliolala."

Kule kwao waliweka nyama ya kuku iliyochambuliwa. Uani kuku walikuwa wawili na wote walikuwa na majina, kwa hiyo alitumia samaki wa ziwani, mgebuka uliokaushwa kwa moshi, akauchambua mwiba mmojammoja kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto funza. Mchuzi aliutengeneza kwa siagi ya kopo, unga wa ngano na maziwa, akikoroga upande mmoja tu. Akiwa anakoroga haongei; ukimsemesha anakutazama kama umeingia chumba cha mtu bila hodi. Jibini halikuwapo. Alichukua maziwa ya mgando akayafunga kwenye kipande cha shuka safi, akayaning'iniza kwenye kamba ya nguo tangu jana yake mpaka maji yote yakachuruzika, akayatia chumvi na kungumanga. Vipande vya mkate alivichoma upande mmoja kwenye makaa, akavipanga kwenye sufuria pana upande uliochomwa ukiwa chini, akaweka samaki, akamwaga mchuzi mweupe, akalaza nyanya, akanyunyiza jibini lake. Halafu akafunika kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa juu yake.

"Moto wa chini unapika," alisema. "Wa juu ndio unaonekana."

Alipofunua, harufu ilitoka ikaenda mpaka barazani, na mazungumzo ya wageni yakakatika.

Hapo ndipo yeye na Bibi walipogombana kwa mara ya kwanza. Bibi alikuja na kawa lake la ukili, tayari kufunika sinia. Kwao chakula hakisafiri wazi, hata kama ni hatua tano.

"Usifunike!" Mpishi akapiga kelele, akasahau kwamba hayupo.

"Nisifunike? Chakula wazi kinaliwa na shetani."

"Shetani ale kipande kimoja. Ukifunika, mvuke unarudi chini, uso unalowana, kazi yote imekufa. Bibi, ninakuomba."

"Na nzi je?"

"Wapepee!"

Kwa hiyo Bibi wa Ujiji, mwenye nyumba, alitembea mbele ya sinia lake mwenyewe akipunga kanga kulia na kushoto kama anayemtangulia bwana harusi. Wageni walikula mpaka wakafuta mchuzi kwa vidole. Mzee mmoja aliuliza ni nani aliyepika. Bibi akamtazama machoni, akasema, "Mimi." Ndani ya chumba cha uani tulisikia kitu kikianguka.

Lazima niseme pia kwamba yeye mwenyewe hakuula mkate ule. Sikumwona hata mara moja akitia kipande kinywani. Aliuonja mchuzi mgongoni mwa mkono, basi. Chakula chake kilikuwa ugali, ambao aliudharau waziwazi, akiuita saruji, na ambao aliumaliza mpaka ukoko. Alikuwa Mkristo mwenye rozari ukutani, lakini Ramadhani ilipofika alifunga pamoja na Bibi mwezi mzima. Nilipomuuliza kwa nini, alisema miguu yake haiendi popote, basi acha hata njaa yake itembee na wenzake.

Na kulikuwa na siku ya msako. Ilikuwa mchana, saa za watu kupumzika, tukasikia gari likisimama na milango ikigongwa. Bibi alimsukuma Mpishi ndani ya ghala lake la dagaa, akalaza magunia mbele yake, akaketi nje ya mlango kuchambua mchele. Wakaingia, wakatazama chumba cha uani, wakaona kitanda na rozari.

"Bibi, hii rozari ya nani?"

"Ya mpangaji. Amesafiri."

Waliondoka. Tulimtoa Mpishi baada ya saa nzima, ana magamba kwenye nyusi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, dagaa hawa hawajakauka. Watakuharibikia." Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakucheka. Usiku ule na siku mbili zilizofuata hakutoka chumbani hata kuuzunguka uzio, na nilipompelekea chakula alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu.

Kuhusu mke wake hakusema mengi, na aliyosema hayakuwa ya kumsifu. Mwanamke mgumu. Hajui kuomba msamaha. Akikasirika anafagia. Anatembea haraka kuliko mwanamume, ndiyo maana walipotezana, aligeuka hivi akawa hayupo. Akifika hapo mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kisha huuliza ziwa likoje.

Mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi ya kudumu na napenda kuona mambo, nikawa miguu yake. Kila mara mitumbwi ilipoleta watu nilikwenda Bangwe, mwaloni, pale inapotua, nikatazama wanaoshuka. Lakini nimtambueje? Picha hakuwa nayo. Jina alinikataza kuliita.

"Jina likiitwa pale litaandikwa. Huko tulikotoka tumeona majina yaliyoandikwa yanafanyiwa nini. Na hapa wakiandika la kwake, watatafuta la kwangu."

"Sasa mimi nitafanyaje? Nimnuse?"

Alifikiri siku nzima juu ya hilo. Kesho yake aliniamsha alfajiri, makaa tayari mekundu, na wazo lake lilikuwa mkate. Niuchukue kwenye sinia, wazi, nipite nao katikati ya watu waliofika. Mtu wa mji wao akiuona atashtuka, kwa sababu ng'ambo hii hakuna mwingine anayeutengeneza. Kama si mke wake, atakuwa mtu wa mtaa wao, mwenye habari zake.

"Usiseme kitu. Pita tu. Atakayeujua, mlete."

Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Niliegemeza sinia begani, nikapita kati ya magodoro, masufuria na watoto waliolala juu ya mafurushi, nikipepea nzi. Watu wenye njaa walinitazama, nikawagawia wale waliokuwa na watoto wadogo; walikula wakashukuru, wengi walikuwa watu wa mashambani ambao hoteli waliiona kwa nje. Hakuna aliyeshtuka. Nilirudi na sinia tupu, naye alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Ego," alisema, yaani ndiyo, na kuanza kuosha sufuria.

Siagi ya kopo ikaadimika madukani. Mpishi alitaka kuacha. Nikamwambia, tena kwa ubishi, kwamba hapa ni Kigoma, mafuta ya mawese yapo kila kona, mazuri, mapya, na watu wanayapenda. Mchuzi ni mchuzi. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu ilisemekana mitumbwi inakuja mingi, akaona bora mkate wenye kasoro kuliko kukosa kabisa. Tukatia mawese. Mchuzi ukawa mwekundu kama matofali yaliyochomwa. Akauonja, akashangaa, akaonja tena.

"Mdomoni ni uleule," alisema. "Ila macho yanabisha."

Tangu siku hiyo tukaendelea na mawese.

Sasa nifike pale ambapo lori lilikuwa likinipeleka kwa nguvu, nitake nisitake. Siku moja mwaloni hapakuwa na wageni wengi. Nilikuwa na vipande viwili vimebaki, nikaketi kwenye kibanda cha chai. Karibu yangu aliketi bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, mtaratibu. Akatazama sinia.

"Hiki ni nini, kijana?"

"Onja, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaonja. Akaacha kutafuna. Akafumba macho, akatafuna tena polepole, na nilipomtazama niliona anatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Huu ninaujua," alisema. "Rangi siyo, lakini ninaujua. Nilisoma ng'ambo miaka mitatu. Hoteli ya bandarini, kila nikipata vijisenti."

Nilimuuliza alikaa mtaa gani, alisoma nini, aliyefuatana naye hotelini alikuwa nani, kama anakumbuka watu, kama kuna anayewasiliana naye. Alinijibu yote kwa upole. Mimi ninayeuliza kila kitu, niliyemuuliza fundi saa kwa nini mshale unakwenda kulia, sikumuuliza bwana yule anafanya kazi gani.

Nikampakia kwenye baiskeli ya kukodi, mimi nyingine, tukaenda Ujiji. Nilimpitisha mlango wa mbele, barazani, ukumbini, mpaka uani. "Mpishi!" nikaita. "Nimepata anayeujua!"

Mpishi alitoka chumbani mbio. Nywele zake alikuwa amezilowesha kwa maji, nadhani alizichana aliposikia sauti yangu. Walisalimiana kwa Kirundi, wakacheka, wakataja meza ya pembeni na mhudumu fulani aliyekuwa kiziwi kidogo. Bibi alileta kigoda. Mpishi alisema mgeni hawezi kuondoka na ladha ya mkate uliopoa, akapuliza moto, akaanza kuupika tena, akiongea huku anakoroga, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alimuuliza mgeni kuhusu mke wake. Mgeni akasema hapana, hamjui. Kisha bwana yule akainamisha kichwa, akatazama mikono yake, akauliza taratibu:

"Mzee, una kibali cha kukaa mjini?"

Makaa juu ya mfuniko yalikuwa yakilia tititi.

"Mimi ni mtu wa ofisi ya serikali," akasema bwana yule. "Nimekuona. Siwezi kusema sijakuona."

Bibi akaanza kusema kwa sauti yake kubwa, na Mpishi akamwinulia kiganja. Alinitazama.

"Umemleta wewe."

"Ulisema atakayeujua nimlete."

"Ego," alisema. "Ameujua kweli."

Akamgeukia mgeni. "Subiri kidogo. Juu hakujaiva."

Yule bwana alisubiri. Akala kipande kizima, huku machozi yakimlengalenga, sijui kwa moto au kwa nini, akafuta mikono, wakaondoka pamoja kwa miguu. Mpishi alichukua rozari na kijiko chake cha mti. Asubuhi lori lilimpeleka kambini na wengine. Nilikimbia mpaka linapopakiwa, nikachelewa. Bibi hakunifukuza, ila tangu siku hiyo shikamoo yangu haikuitikiwa, na nyumba yenye shikamoo isiyoitikiwa haikaliki. Nikahamia Gungu.

Lori la maharage liliniacha njia panda mchana. Kambi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na bahati ilikuwa siku ya soko, siku ambayo wanavijiji huruhusiwa kuuza ndizi na mihogo pembeni mwa kambi. Niliingia na wabeba ndizi. Ndani nikaona mistari ya nyumba za udongo zilizoezekwa kwa maturubai, mstari baada ya mstari, mpaka macho yakachoka. Nikauliza: mpishi aliyetoka Ujiji, mwenye kijiko cha mti. Mtu wa tatu akanielekeza.

Mlangoni palikuwa na mwanamke anafagia. Uwanja ulikuwa safi tayari, lakini alifagia. Aliinua macho, akanitazama kuanzia viatu, taratibu, akaegemea ufagio.

"Wewe ndiye mtu wa sinia," alisema.

Sikuelewa. Nilimsalimu, nikamwambia ninamtafuta Mpishi, na kwa kuwa nilijua nisipolisema hapohapo sitalisema tena, nikasema: "Mama, mimi ndiye niliyempeleka yule bwana nyumbani. Mimi ndiye niliyesababisha akamatwe. Nimekuja kumwomba radhi."

"Ninajua. Ameniambia." Akakung'uta ufagio kwenye jiwe. "Mimi ni mke wake."

Nilikaa chini pale uwanjani bila kukaribishwa.

"Nilifika Kigoma," alisema. "Siku tatu nilikaa Bangwe nikitazama watu. Ulinipita mara mbili na sinia lako. Mara ya pili karibu hivi, ukaruka mguu wangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mkate wa mume wangu mweupe. Wako ulikuwa mwekundu. Nikasema, tazama, hata huku wanatengeneza kitu kama chetu, lakini hawajui. Siku ya nne tukapakiwa kwenye lori, nikaletwa hapa. Miezi minane nimekaa hapa peke yangu. Yeye yuko uani kwa mtu anahesabu hatua, ananisubiri nije, na mimi nimeshapita." Akafagia mara moja, mbili. "Kuomba radhi unaomba kwa lipi? Bwana uliyemleta angekuja mapema, mume wangu ningempata mapema. Ulichelewa."

Mpishi alikuja na ndoo ya maji. Alikuwa amekwisha mwili, mabega yameshuka. Aliponiona alisimama, akatua ndoo kwa uangalifu ili isimwagike.

"Umekonda," alisema. "Nani anakupikia?"

Nilitaka kupiga magoti. Akanishika kiwiko akanizuia. Maneno yote niliyoyapanga juu ya lori yalinitoka. Nikasema moja tu: "Mawese yalikuwa wazo langu."

"Na mimi nilikoroga," alijibu.

Alisema amejaribu kuomba kibali waende mjini wote wawili, wamkute Bibi, amekataliwa mara nne. Mke wake alisema, bila kuacha kazi yake, "Tuko wawili. Lakini tuko hapa." Halafu wakaanza kugombana kuhusu kuni, kwa Kirundi, haraka, na niliwasikiliza kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Filimbi ikapigwa upande wa sokoni. Watu wa vijijini walikuwa wanaharakishwa kutoka, vikapu vikigongana, na mlango wa kambi unafungwa jua likiwa bado liko juu ya miti. Niliinuka, nikachukua mfuko wangu. Mpishi akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hufiki. Ni mbali. Na sasa walinzi wanapita nyumba kwa nyumba kutazama nani si wa hapa. Una kibali?"

"Sina."

Walitazamana. Mke aliingia ndani, akasukuma magunia, akakunjua mkeka upande wa ukuta na kuweka blanketi langu juu yake. Akatoka, akanishika bega, akaniingiza mlangoni kama mtu anayeingiza kuku jioni.

"Kaa huko nyuma," alisema. "Usikohoe. Nitakwambia ukiweza kutoka."

Akalishusha turubai la mlangoni, na nje nikamsikia akianza tena kufagia.